Mlango Ndani ya Fromaji

Radio yetu ilikuwa na vyumba viwili, antena moja iliyofungwa kamba upande wa upepo, na mashini moja. Kwetu Masisi mtu akisema mashini anataka kusema kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake, na kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine mpaka ufike Sake, watu waliniita Mama Teknisien. Jina hilo sikulipenda. Kadiri nilivyolikataa ndivyo walivyolikazia, hata padri akalitumia siku moja katika matangazo ya misa, basi nikanyamaza.

Kazi yetu kubwa haikuwa habari. Ilikuwa salamu. Mtu anashuka kutoka shambani, ao anapita akielekea Walikale kutafuta maisha kwenye machimbo, anaingia, anakaa mbele ya mikro, anasalimia ndugu zake, anasema anatoka wapi na anaenda wapi. Tunarekodi, tunatangaza jioni, halafu tunaweka. Mimi sikufuta hata moja. Diski ilijaa watu wanaosema wako wazima.

Mmoja wao alikuwa kijana wa kilima kilicho juu yetu. Alipita akiwa njiani kwenda Omate kuchimba dhahabu. Rekodi yake ni fupi, na inaanza na sauti yangu mimi nikimgombeza, maana kwetu kila mwanaume huitwa Papa: "Usiimeze mikro, Papa, rudi nyuma kidogo!" Kisha yeye anacheka na kusema: "Nasalimia mama yangu kule juu. Mimi niko muzima. Naenda Omate, nikirudi nitaleta bati za nyumba. Mama, musinibakishie chakula, mukule tu. Asante kwa radio." Nyuma yake mbuzi wa jirani analia, kwa sababu mbuzi yule hakuwahi kukosa kipindi.

Bati hazikuja. Huko Omate shimo lilimwangukia. Wenzake walichimba mpaka wakachoka, hawakumfikia, wakasimika msalaba wa miti juu ya udongo na kuhamia shimo lingine. Mama yake hakupata mwili wa kuzika wala kaburi la kutembelea. Alitupata sisi.

Kila Jumapili, misa ikiisha, mama huyo alipita radioni. Aliketi kwenye kiti cha mgeni, akaweka kitambaa chake vizuri kichwani kama mtu anayetaka kupigwa picha, akasema: "Mutoto wangu, niamushie." Basi nawasha mashini, natafuta faili, naichezesha. Anasikiliza mara moja tu. Hakuomba kurudia hata siku moja. Akimaliza anasema asante, anaulizia hali ya mume wangu, anaenda zake. Nilikuwa na kazi nyingi siku za Jumapili, na mimi si mtu mpole, lakini kwa huyo mama sikuwahi kusema ngoja.

Jambo tuliloshindwa kuelewana lilikuwa fromaji. Alikuwa anatengeneza jibini kwa maziwa ya majirani, zile za duara ngumu za huku kwetu, na zote alikuwa anauza isipokuwa moja. Kwetu mtu aliye safarini anabakishiwa chakula. Hata kama hamjui atarudi lini, kitu chake kinawekwa pembeni. Habari ya kifo ikifika, mnaacha. Yeye hakuacha. Alikuwa na fromaji ya mwanawe juu ya ubao jikoni, ikizeeka sana anatoa, anaweka mpya mahali pale pale.

"Mama," nilimwambia siku moja, "si unamusikia kila Jumapili? Mutoto mwenyewe anasema usimubakishie."

"Namusikia."

"Na sasa?"

"Watoto wanasema mambo mingi."

Nikafunga mdomo, jambo ambalo mume wangu alisema lingefaa kuandikwa ukutani.

Wakati ule vita vilikuwa vimeanza kusogea kilima kwa kilima, na direkta wetu akaingiwa na wasiwasi. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa waya, mtu wa sala, mwoga kwa akili. Akasema: "Humu ndani kuna watu wanataja majina, vijiji, na njia wanazopita. Siku wenye bunduki wakichukua hii mashini, watajua kila mutu iko wapi. Ifunge." Nikamwambia kufunga kweli si kuweka neno la siri mbele tu, ni kuifunga diski yenyewe. Akasema yeye haelewi tofauti, nifunge yote mawili.

Nilitumia siku nzima. Mashini yetu ilikuwa inatumia Linux, kwa sababu virusi vilikuwa vimekula ile mifumo mingine tuliyokuwa nayo mpaka tukakata tamaa. Shida ya diski iliyofungwa yote ni hii: mashini inapoamka haiwezi kusoma kitu, hata ile programu ya kukuuliza neno la siri imefungiwa ndani. Kwa hiyo unakata kipande kidogo pembeni, partisyon ya peke yake, na hicho hukifungi. Ndani yake unaweka vitu vya kuamshia tu: kiini cha mfumo na ile programu ya kuuliza. Ni kama nyumba zetu, jiko liko nje. Asubuhi moto unawashwa huko kwanza, na mgeni akiingia jikoni hajaona bado kilicho chumbani.

Halafu nikaenda mbali zaidi, kwa kiburi tu. Nikakitoa kile kipande kwenye diski kabisa, nikakiweka kwenye flashi. Bila flashi ile, mashini ikiwashwa inaonyesha weusi na kistari kinachokonyeza. Direkta aliwasha mara tatu, akaona weusi, akafurahi sana. Akasema hiyo ndiyo radio salama kuliko zote. Nikamkumbusha kwamba ilikuwa pia haifanyi kazi.

Jumapili iliyofuata mama alinikuta nachomeka flashi. Akauliza ni dawa gani hiyo. Nikamweleza pole pole, kama ninavyoeleza hapa, na nikasisitiza: "Sauti ya mutoto haiko humu. Sauti iko kwa diski. Hii iko ya kuamusha tu."

"Bila hii, anaamka?"

"Bila hii haamki."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Vita vilipofika kilima cha jirani, direkta alisema diski na flashi zisipite njia moja. Yeye mwenyewe angebeba meza ya kuchanganyia sauti kichwani, chombo ambacho hakina siri yoyote na kina uzito wa ndama. Diski ningebeba mimi. Flashi tukaanza kubishana nani aichukue, na yule mama, aliyekuwa amekuja kuuliza kama tunakimbia ao tunabaki, akanyoosha mkono.

"Mimi nitapita na njia ya juu, mpaka Lushebere. Mwanamuke muzee na fromaji yake, nani atamupekua?"

Tulitazamana na direkta. Hakuna aliyekuwa na wazo bora. Mama akarudi nyumbani, akatoa kwenye ubao ile fromaji isiyouzwa, akaichoma shimo ubavuni kwa kisu, akaingiza flashi ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaziba kwa kipande kile kile alichokitoa na kupaka mafuta juu. Nilimwuliza kwa nini hiyo na si nyingine. Akaniona kama mjinga. Akasema zingine zote anaweza kuziuza kwa kujisahau.

Mimi nilishukia Sake, diski ikiwa imeviringishwa katika nguo za mtoto mchanga ambaye sikuwa naye. Kwenye bariere moja, kizuizi cha barabarani, kijana mwenye bunduki aliniuliza mtoto yuko wapi. Nilimjibu habari za uzazi kwa namna iliyomfanya aone haya kuliko mimi, akanipisha. Huko Sake nilikaa kwa shemeji yangu muda mrefu kuliko upendo wake. Njia ilipofunguka nikapanda tena mpaka Lushebere, kwenye kambi ya waliokimbia vita, nikaanza kuulizia mama wa fromaji.

Sikuhitaji kuuliza sana. Mwanamke wa hema la kwanza, kumbe jirani yake wa kambini, alinyanyua mikono juu. "Wewe ndiye mutu wake? Ee Mungu, asante! Mwambie huyo mama akule ile fromaji!"

Akanieleza huku tunatembea kati ya mahema. Kwamba mama amelala na fromaji tangu afike. Kwamba kuna wiki ambazo msaada haukuja na watu wakapika majani, na yeye alikula majani kama wengine, na fromaji iko pale chini ya nguo. Kila asubuhi anaitoa, anaipangusa kwa maji ya chumvi, anaigeuza, anairudisha. Watoto wakilia anawatafutia viazi kwenye mashamba ya watu, analima siku nzima alipwe viazi, lakini fromaji hakuna anayeigusa. "Tulisema iko na wazimu," alisema jirani. "Halafu tukasema pengine iko na sababu. Sasa tumechoka, utuambie wewe."

Nilimkuta ameketi mlangoni mwa hema lake la bashi, turubai la msaada. Ee jamani, alikuwa amekonda! Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Nilitaka kumsalimia, badala yake nikapiga kelele: "Mama, kwa nini hukukula?"

"Karibu," alisema. "Ulifika salama? Mume iko muzima?"

Akaitoa fromaji. Upande mmoja ulikuwa umekatwa. Alisema ni kwenye bariere ya njia ya juu: mmoja wa wenye bunduki alitoa kisu na kujikatia, akala amesimama, akasifu. Alipotaka kukata upande wa pili mama alimwambia upande huo una dawa ya minyoo, basi akaacha. Aliyasema haya bila kucheka, nami sikucheka, maana nilikuwa bado nimekasirika.

Pale karibu na soko kulikuwa na papa mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu. Alikuwa na paneli ya jua na mashini ya zamani ya kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Nilimwomba anikopeshe mashini yake, nitoe diski yake na kuweka yangu, saa moja tu. Alikubali kwa sababu mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na mtu yeyote aliyemwona mama yule siku ile angekubali chochote. Jirani naye alikuja na watoto wake wote. Nilitoa bisibisi, nikafungua, nikabadilisha. Halafu nikazibua fromaji na kutoa flashi.

Nailoni ilikuwa imetoboka. Meno ya flashi yalikuwa ya kijani, na ndani maji yalikuwa yamekauka yakaacha unga mweupe.

"Mama! Umeiweka chumvi?"

"Fromaji inataka chumvi."

"Flashi haitaki chumvi!"

"Hukusema."

Kweli sikusema. Mtu akifundishwa kuweka partisyon ya kuamshia, anaambiwa ukubwa wake, anaambiwa aina yake, lakini hakuna mahali anapoambiwa asiigeuze kila asubuhi na kuipangusa kwa maji ya chumvi. Niliisugua kwa pombe ya kuoshea vidonda, nikaichomeka. Weusi. Nikachomoa, nikaipuliza, nikachomeka tena. Weusi, na kile kistari kinakonyeza.

Mama aliniangalia usoni, hakuangalia mashini. "Imekufa?"

"Imekufa."

Akakaa chini, pale pale kwenye udongo wa kibanda. Nimeona watu wengi wakipewa habari mbaya mbele ya mikro yangu, na wengi wanapiga yowe. Yeye alishika fromaji kwa mikono miwili mapajani. Roho iliniuma sana, na nilipoumwa nikawa mkali. "Simama, Mama, bado sijamaliza! Nani amekuambia nimemaliza?"

Nilikuwa na flashi ya kusakinishia mfumo, ile ninayotembea nayo kama wengine wanavyotembea na rozari. Nikaiamsha mashini kwa hiyo. Nikaandika neno la siri, ambalo lilikuwa kichwani mwangu tu, na diski ikafunguka. Kila kitu kilikuwa ndani. Kilichokosekana ni kile kipande cha kuamshia, na kipande hicho kinatengenezwa upya kama una pa kukiweka. Nikamwomba papa wa kuchaji flashi moja. Akanipa yenye nyimbo za rumba. Nilipomwambia nitafuta zote alishika kichwa, akaomba angalau nimwachie wimbo mmoja wa harusi yake. Nikamwambia harusi yake anaikumbuka bila wimbo. Nikafuta, nikakata partisyon mpya, nikarudisha kiini na ile programu ya kuuliza. Nikazima, nikawasha.

Ikaamka. Ikauliza neno la siri, nikaandika, maandishi yakaanza kupita mbio, watu wakashangilia. Halafu yakasimama. Mashini ikasema inasubiri ile partisyon ya zamani. Ikasubiri, ikasubiri, ikakata tamaa, ikakataa kuendelea.

"Nini sasa?" aliuliza mama.

"Inasubiri ile ya kwanza. Ile ya chumvi. Jina lake bado limeandikwa mule ndani, basi inadhani itakuja."

"Na haitakuja."

"Haitakuja, Mama. Ngoja niiambie."

Nilifungua lile faili dogo ambamo mfumo umeandikiwa vitu vya kungojea, nikafuta namba ya flashi iliyokufa, nikaandika namba ya mpya. Nilikuwa nasema peke yangu, kama kawaida yangu nikiwa kazini: usisubiri tena, ile imekwenda, endelea na hii. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amesimama karibu na bega langu, ananisikiliza mimi.

Safari hii ilipita moja kwa moja. Nikatafuta faili, papa wa kuchaji akaunganisha spika yake kubwa ya nyimbo. Nikaichezesha.

"Usiimeze mikro, Papa, rudi nyuma kidogo!" Watoto wa jirani wakacheka. Kisha yule kijana akacheka pia, kutoka huko aliko, akasalimia mama yake, akasema yuko mzima, akasema bati, akasema musinibakishie chakula, mukule tu, na mbuzi akalia.

Mama hakulia. Aliweka kitambaa chake vizuri, akaniuliza: "Wakati ile flashi ilikufa, yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa pale pale kwa diski. Hakwenda popote. Kilichokufa ni mlango tu, na mlango nimetengeneza mwingine."

"Basi hata kama fromaji ingeliwa njiani."

"Angekuwepo."

"Hata kama ningeikula mimi."

Nilijua ninachomwambia. Nilijua alivyokula majani, na nilijua nani alimwambia bila hii haamki. Lakini kumdanganya nisingeweza. "Hata kama ungeikula yote, Mama. Angekuwepo."

Mama akamwomba jirani kisu.

Alikata fromaji pale juu ya meza ya kuchajia, kati ya nyaya za simu za watu. Alikata kwa utaratibu, kama mtu anayekata kila siku. Mtoto wa kwanza, wa pili, wote. Jirani. Papa wa kuchaji, ambaye alikuwa bado anaomboleza rumba yake. Mimi. Nilikuwa naangalia mikono yake, maana nilimjua: nilikuwa nangoja aweke kile kipande kimoja pembeni, akifunge kwenye jani, akitie kwenye kitambaa.

Kikabaki cha mwisho. Alikishika, akakiangalia kidogo, akakila.

"Imezidi chumvi," alisema.

Mimi nilikuwa nalia, sikuweza hata kumgombeza.